Mshipi wa Kuvulia ni Mali ya Nyumba Nzima

Katika nyumba zetu jembe lina mahali pake. Mama akirudi shambani hulifuta udongo na kulisimamisha pembeni, na mpini ukilegea huugongelea kabari kabla msimu haujaanza. Panga hunolewa, sufuria hukwanguliwa masizi. Lakini mshipi wa kuvulia, ambao katika nyumba kadhaa za hapa Nduguti huleta mboga na hata daftari za watoto miezi ya kiangazi, hutupwa nyuma ya mlango pamoja na matope na magamba yake, ukangoja safari nyingine. Siku ukikatika, lawama humwendea samaki.

Msomaji wa mbali atauliza, Nduguti na uvuvi wapi na wapi? Ni kweli, makao makuu haya ya Wilaya ya Mkalama hayako ufukweni. Sisi ni watu wa alizeti, vitunguu, mtama na mifugo. Hata hivyo, Mto Sibiti hutoka Ziwa Kitangiri ukapita kati yetu na wenzetu wa Meatu kuelekea Ziwa Eyasi, na kule Tulya, upande wa Iramba, wako watu ambao ziwa ndilo shamba lao. Mavuno yakishaingia ghalani, akina baba na vijana wa nyumba kadhaa hufunga mizigo wakaelekea majini. Wengine hufika hadi Ziwa Victoria. Mwenye mtaji ana wavu na mtumbwi. Asiye na mtaji hubeba mshipi, ndoana na chubwi, na chambo hukitafuta huko huko. Kwa hiyo anayezungumza juu ya mshipi anazungumza juu ya mvuvi mwenye kipato kidogo, na juu ya mke wake.

Huenda ikaonekana ajabu sisi wauguzi kuandika habari za uzi. Ukweli ni kwamba tunakutana nao pande mbili. Katika chumba cha kufungia vidonda unatuletea vidole vilivyochanwa. Na tunapotembelea nyumba pamoja na kikundi cha akina mama wa kanisa, tunaukuta ndani ya ugomvi wa fedha: baba anataka fedha za mshipi mpya, mama anautazama ule wa zamani unavyoning'inia msumarini, mrefu tu, anajiuliza kuna ubaya gani. Aghalabu wote wawili wanabishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekikagua.

KUSOKOTWA NA KUSUKWA

Kila mwanamke anajua tofauti ya kusokota nywele na kusuka. Nywele zilizosokotwa ni mafungu yanayozungushana. Ukiachia ncha, hufumuka. Zilizosukwa, mafungu matatu au zaidi hupishana, moja juu na jingine chini, yakashikana yenyewe. Mishipi nayo ni hivyo hivyo. Iko nailoni ya uzi mmoja, inayong'aa kama kioo. Iko kamba ya kusokotwa, ambayo watu wa migonzo huitumia kushikilia ndoana nyingi kwa mara moja. Na uko huu wa kusukwa, wa nyuzi nne au nane, ulio laini mkononi kama utepe. Huu wa mwisho ndio unaotuhusu leo, maana ndio wenye gharama zaidi na ndio unaokata mikono zaidi.

Mababu wa wavuvi duniani walitumia pamba, kitani, hariri, hata singa za farasi. Nyuzi za mimea zikilowa na kuachwa huoza, ndiyo sababu zilianikwa baada ya kila kazi. Kisha wanakemia wakaingia. Poliethilini ilipatikana Uingereza mwaka 1933. Nailoni ikapatikana Marekani mwaka 1935 katika kampuni ya DuPont, chini ya Wallace Carothers. Mishipi ya kusukwa yenye nguvu nyingi hutengenezwa kwa poliethilini ya namna ya pekee, ndugu wa ndoo zetu za plastiki, ila nyuzinyuzi zake zimevutwa na kunyooshwa mno. Ilianza kuenea kwa wavuvi katika miaka ya 1990. Kwa unene ule ule huishinda nailoni mara kadhaa. Hainyonyi maji, na kwa kuwa hairefuki sana ikivutwa, mvuvi husikia samaki akionja chambo. Kasoro zake ni tatu: fundo huteleza, uzi huchakaa upesi ukisuguana na jiwe au kisiki, na joto la moto huuharibu kabisa.

Dukani si kila kinachoitwa cha kusukwa kimesukwa. Shika kipande kifupi kwa vidole vya mikono miwili, kisha sukuma ncha zielekeane. Uzi wa kusukwa hufunguka katikati kama mkono wa blauzi. Wa kusokotwa hujikunja tu na kuonyesha mizunguko yake. Jaribio la pili lafanyika jikoni. Weka maji katika kikombe, tia tone la sabuni, zamisha kipande cha uzi na ukisugue kidogo ili hewa itoke. Poliethilini itapanda juu. Nailoni na poliesta zitakaa chini. Hakuna dhambi katika nailoni wala poliesta, lakini usizilipie bei ya nyingine.

KUKAGUA KWA PAMBA

Watu wengi huhukumu mshipi kwa rangi. Ukipauka, wanasema umekwisha. Ukiwa bado kijani, wanasema ni mzima. Sivyo. Rangi ya mshipi wa kusukwa hutoka kwa maji na jua, na kutoka kwake peke yake hakumaanishi kwamba nguvu imekwenda. Kinachoumaliza ni msuguano. Uzi mmoja mwembamba ukikatika kati ya ile minane, macho hayauoni, lakini mzigo wote sasa unashikwa na saba.

Sisi tunapendekeza pamba, ile ile ya kusafishia vidonda, au hata pamba mbichi ya shambani iliyotolewa mbegu. Ondoa ndoana kwanza. Shika donge la pamba kwa vidole viwili na upitishe mshipi katikati yake polepole, toka mwanzo hadi mwisho. Mahali palipo pazima uzi hupita kimya. Palipochakaa, pamba hunasa na kuacha manyoya. Funga hapo kipande cha kitambaa, uendelee. Kazi hii haihitaji nguvu, yahitaji utulivu, na mara nyingi akina mama na mabinti huifanya vizuri kuliko wenye mshipi wao. Tafadhali usitumie vidole vitupu vikivuta kwa kasi, kwa maana huko ndiko kuchanwa kwenyewe.

Manyoya ya pamba yakiwa katika mita moja au mbili za mwisho, karibu na ndoana, hilo ni jambo la kawaida. Sehemu ile ndiyo inayoburuzwa juu ya mawe na ndiyo inayong'atwa. Kata, tupa kipande, funga upya. Wengi huona uchungu kukata. Hebu tufanye hesabu. Mshipi wa mita 50 ukikatwa mita moja kila juma, baada ya majuma 10 utabaki mita 40 zenye nguvu. Usipokatwa, ukaja kukatikia katikati siku ya samaki mkubwa, mita 25 zimezama pamoja na ndoana, chubwi na huyo samaki.

Manyoya yakiwa katikati ya mshipi, mahali pawili au patatu, hapo hakuna la kuunga. Kila fundo hupunguza nguvu, na mshipi wenye mafundo matatu una mahali patatu pa kukatikia. Chukua vipande virefu vilivyo vizima uvitumie kwa samaki wadogo, na mshipi mkuu ubadilishwe.

KUOSHA NA KUGEUZA

Injili ya Luka yataja kwamba Yesu alipofika ziwani aliwakuta wavuvi wameshuka vyomboni wanaosha nyavu zao, na hiyo ilikuwa baada ya usiku ambao hawakupata kitu. Marko naye asimulia jinsi Yakobo na Yohana walivyoitwa wakiwa chomboni wanazitengeneza nyavu. Twapenda habari hizi kwa sababu zinaonyesha uvuvi ulivyo hasa: sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati hakuna samaki.

Mshipi ukirudi nyumbani, uloweke katika beseni la maji baridi yasiyo na chumvi, uutikise mchanga utoke. Mchanga ndio adui. Chembe zake huingia katikati ya msuko na kuzikata nyuzi kutoka ndani kila uzi unapovutwa. Aliyevua upande wa Eyasi, ambako maji yana chumvi, abadilishe maji mara mbili. Sabuni kidogo ya kufulia haina neno, ila usipige wala usikamue kama nguo. Anika kivulini penye upepo. Jua kali huidhoofisha nailoni hasa, na hata wa kusukwa haufaidiki nalo. Usiutundike juu ya jiko wala chini ya bati linalochoma.

Ukikauka, uzungushe katika chupa ya plastiki au kipande cha mti kilicho laini, usivute kwa nguvu, maana uzi uliobanwa huzama chini ya wenzake ukaja kunasa siku ya kurusha. Hapa ndipo pana siri ndogo ya kuongeza maisha ya mshipi. Katika mshipi wa mita 50, mvuvi wa kingoni huenda anatumia mita 25 za mwanzo tu. Zile za chini kabisa hazijaona maji. Chukua chupa ya pili, hamishia mshipi wote huko, na sehemu iliyokuwa ndani itakuwa nje, mpya kabisa. Umepata mshipi wa pili bila kutoa senti. Fanya hivyo mara moja tu. Upande wa pili nao ukichakaa, hakuna pa kugeuzia tena.

Njia nyingine ya kubana matumizi ni kubakiza mshipi wa zamani chini kabisa ya chupa, kujaza nafasi, na kuunga mpya juu yake kwa urefu unaotumika kweli. Fundo la kuungia halitoki kwenye chupa, kwa hiyo halibebi mzigo. Au familia mbili zinunue bunda la mita 100 na kugawana. Tunayajua maduka ambayo hayauzi nusu, lakini jirani anaweza kuuza nusu.

FUNDO LISILOTELEZA

Kabla ya kusema mshipi ni mbovu, tazama ncha yake ulipokatika. Ikiwa imetawanyika kama ufagio, uzi ulichakaa. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, uzi haukukatika kamwe: fundo liliteleza. Mafundo yaliyozoeleka kwa nailoni mara nyingi hayashiki katika mshipi huu laini.

Fundo linalofaa ni rahisi. Kunja mshipi uwe maradufu, kiasi cha urefu wa kiganja. Pitisha mkunjo huo katika tundu la ndoana. Ukiwa bado maradufu, funga fundo la kawaida, lakini liache limelegea na ndoana ikining'inia chini yake. Sasa upanue ule mkunjo uliobaki, uipitishe ndoana yote ndani yake, uuvushe hadi juu ya fundo. Lowesha kwa maji, kisha vuta polepole pande zote mbili hadi likaze. Mkia unaobaki usikatwe karibu mno. Acha upana wa ukucha. Mtoto wa darasa la tano hulijua baada ya mara tatu, ila afundishwe kwa kamba nene isiyo na ndoana.

Mshipi huu hukatwa kwa mkasi au kisu kikali. Tumewaona watu wazima wakiukata kwa meno, na meno ndiyo yanayoshindwa. Wala chubwi la risasi lisitiwe kinywani, na risasi ya betri kuukuu isiyeyushwe nyumbani kutengenezea machubwi. Mvuke na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto na kwa mama mjamzito.

MIKONO YA MVUVI

Ndoana ikinasa kisiki, mvuvi huzungushia mshipi kiganjani na kuvuta. Nailoni ingenyumbuka. Wa kusukwa haunyumbuki. Hubana kama waya, na mtu akiteleza huingia hadi kwenye kano. Zungushia mshipi katika kijiti kinene, geuza uso pembeni, vuta taratibu kwa mstari mmoja. Ukikatika, basi. Ndoana ni rahisi kuliko kidole, na ni rahisi mno kuliko kuingia majini kuifuata gizani.

Kidonda cha mshipi huonekana kidogo kwa nje. Kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji safi mengi yanayotiririka, kibanwe kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Mafuta ya taa, tumbaku, udongo na kinyesi cha ng'ombe visiguse hapo. Ikiwa kidole hakikunjiki, hakinyooki, au kimekufa ganzi, kano au neva imeguswa, na huyo asisubiri kesho kwenda hospitali. Ndoana iliyozama isitolewe kwa kuvutwa ilikoingilia. Mletee mhudumu wa afya. (Ipo njia ambayo mhudumu hutumia kipande cha uzi wa kuvulia kuitolea, kwa hiyo mshipi nao hutibu.) Ndoana iliyoingia jichoni isiguswe kabisa: funika jicho kwa kikombe kisichobonyeza, mgonjwa asafirishwe.

Liko jambo hapa ambalo akina mama tunalijua kuliko waume zetu. Sisi tulichomwa chanjo ya pepopunda tulipokuwa wajawazito, na kadi tunazo. Baba wengi mara yao ya mwisho ilikuwa wachanga, kama waliipata. Naye ndiye anayeshika ndoana yenye kutu na matope. Akija na kidonda, mkumbushe aulize juu ya sindano hiyo, na aje upesi kabla kidonda hakijafunga.

LINI KUBADILI, NA KWA FEDHA GANI

Hakuna mwezi wala mwaka uliopangwa. Anayevua kila siku kwenye mawe aweza kuumaliza msimu mmoja. Anayekwenda mara chache, akiutunza, atakaa nao misimu kadhaa. Ubadilishwe pamba inaponasa katikati mara kwa mara, unapokuwa bapa na mgumu mahali pamoja, umegusa moto, au umebaki mfupi usiofikia samaki waliko. Ukiwa na shaka, funga ncha kwenye nguzo, zungushia upande mwingine kijitini, vuta. Ukikatika kwa nguvu ambayo mama mmoja anaitoa, hautamzuia kambare.

Kuhusu fedha, mama mmoja wa jumuiya ya jirani alituonyesha mkebe wa maziwa ya unga wenye tundu kifunikoni. Kila samaki wakiuzwa, kabla ya chumvi na sukari, sarafu chache huingia humo, na mkebe haufunguliwi ila kwa mshipi na ndoana. Aliuanzisha baada ya miaka miwili ya kuazima fedha za chanjo ya mbuzi ili mume apate kwenda ziwani. Ukaguzi wa pamba wanaufanya wote wawili mezani, jioni ya kabla ya safari, na yule anayeshika pamba ndiye anayesema kama mkebe ufunguliwe. Mara nyingi ni yeye. Mume, alituambia akicheka, hudai pamba yake ina upendeleo.

MABAKI

Vipande vilivyokatwa visitupwe ziwani wala uani. Plastiki hii haiozi kama pamba ya mababu. Ndege wa majini hunaswa miguu, na mbuzi au ng'ombe akiimeza hujikusanya tumboni. Usifungie mnyama shingo kwa mshipi, wala usitumie kuwa shanga za mtoto. Kipande kirefu kinafaa kushonea gunia la vitunguu au kufunga ufito wa uchaga.

Na mama mwenye mtoto mchanga awe macho zaidi. Uzi mwembamba ulioanguka mkekani huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu bila mtu kujua, ukabana mpaka damu isipite. Mtoto anayelia mfululizo bila homa, ambaye amenyonya na ni mkavu, mvue soksi umtazame kidole kimoja kimoja, vya mikono na vya miguu, na kwa mtoto wa kiume tazama pia uume. Ukikuta kidole kimevimba na kuwa chekundu au cha buluu, na mstari mwembamba umezama kwenye ngozi, usipoteze muda kuutafuta kwa sindano. Mlete mara hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Vipande vifupi vikatwekatwe kwa mkasi na kutiwa katika kopo lenye kifuniko, mbali na watoto. Likijaa, lifukiwe katika shimo refu la taka.